Stelingi ni Nani

Banda la Asangalwisye lilikuwa Tukuyu, nyuma ya stendi,
mbao za mkaratusi, bati lililochoka,
mabenchi ya kuazima kwa Wamoraviani.
Mia mbili mlangoni. Mpokeaji nilikuwa mimi.

Yeye alikaa ubavuni mwa luninga na kipaza sauti,
akiwatia Wachina na Wahindi Kiswahili kinywani,
Kiswahili cha Rungwe, kila ra imeteleza ikawa la.
Pale asipoelewa alitunga,
na alichotunga mara nyingi kilikuwa kitamu kuliko chenyewe.

Jumapili moja ya Aprili,
mvua ikimimina mahindi juu ya bati,
aliweka kanda mbili alizoletewa na mwalimu wa historia.
"Leo hakuna ngumi," akatangaza. "Leo ni kweli.
Waarabu na Wayahudi."
Watu wakauliza lile wanalouliza kila siku kabla hawajaketi sawasawa:
"Stelingi ni nani?"

Mzee anapapasa kisiki cha mzeituni.
Asangalwisye akaukwaruza uzee kooni:
"Huu aliupanda babu yangu. Juzi wamekuja na msumeno."
Banda likaguna. Haya, stelingi tumempata.

Kanda ya pili.
Mama anapanga sahani mezani,
anahesabu, anaichukua moja, anairudisha kabatini.
"Alipanda basi la saa moja na robo,"
akasema Asangalwisye, sauti nyembamba, karibu haisikiki.
Benchi la mbele likasogea.
Basi stelingi ni huyu.

"Sasa adui yuko wapi?" Mwaijande, fundi baiskeli,
alisimama akaziba nusu ya picha.
"Mbona kila tunayeonyeshwa analia?"

Akaambiwa akae.

Mimi nilikuwa mlangoni, na wa mlangoni huona ovyo ovyo,
ndiyo maana labda niliona ukuta.
Katika kanda moja jua lilichomoza nyuma yake.
Katika nyingine lilizama nyuma yake.
Ukuta uleule, simenti ileile ya kijivu.
Kamera nayo ina miguu,
na miguu lazima ikanyage upande.
Kila kanda ilikuwa na mwaka wake wa kuanzia kulia;
yaliyotangulia yalipita upesi,
kama vijiji vinavyopita dirishani ukiwa umesinzia.

Halafu akaja kijana, uso wote kwenye kioo,
akasema muda mrefu bila kupepesa.
Tukasubiri Kiswahili.
Asangalwisye alifungua mdomo. Akaufunga.
Akakilaza kipaza sauti pajani kama mtoto aliyelala.

Hapo ndipo tulipowasikia wenyewe kwa mara ya kwanza.
Kijana alisema, na katikati ya maneno yake
neno moja likatujia limevaa nguo za nyumbani.
"Amesema ardhi," akanong'ona Tupokigwe, muuza vitumbua.
Kisha: "Amesema damu."

Kanda ikabadilishwa. Msichana mwenye sare ya jeshi,
lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Tukuyu nzima.
Tukatega. Mvua ilikuwa imepungua.
"Na huyu," akasema Tupokigwe,
"na huyu amesema damu."

Hakuna aliyepiga makofi.
Wengine walidai hela zao:
filamu isiyo na stelingi, walisema, ni wizi.
Asangalwisye hakubishana, alinipa ishara kwa kidevu,
nikarudisha mia mbili mia mbili
zikiwa bado na joto la mfuko wangu.
Tupokigwe hakuichukua yake.
Hakusema kwa nini.

Siku hizi naishi Mbeya, Sokomatola,
chumba kinachotazama Loleza ukungu ukiruhusu.
Picha zinanifikia kwenye simu, fupi, kali,
na daima kuna mtu anayenifasiria,
sauti kavu, isiyokwama popote.
Namsikiliza mpaka mwisho.
Sisikilizi sana anachosema.
Nasubiri tu kama kuna mahali
atakilaza kipaza sauti pajani.